Johannes Rebmann na Theluji ya Kilimanjaro: Maisha ya Msafiri na Mwanakamusi

Utangulizi

Katika kipindi cha mazoezi ya kufundisha huko Kipkelion, mwandishi wa makala haya aliulizwa na mwanafunzi wa kidato cha pili theluji ni kitu gani. Neno hilo lilikuwa limejitokeza katika ufahamu tuliokuwa tukiusoma. Kabla mwalimu hajafungua kinywa, mwanafunzi mwingine alimjibu mwenzake kwamba theluji ni mvua ya mawe isiyopiga. Darasa zima lilicheka, lakini hapakuwa na hata mmoja aliyekosa kuelewa.

Jibu hilo lilikuwa na mizizi yake mahali pale. Kipkelion, mji wa reli ambao hapo zamani uliitwa Lumbwa, umo katika Kaunti ya Kericho, na nyanda hizi za majani chai hutajwa miongoni mwa sehemu za dunia zinazopata mvua ya mawe kwa wingi zaidi. Katika alasiri za msimu wa mvua ardhi hugeuka nyeupe kwa dakika chache, na mkulima hubaki akitazama vichaka vya chai vilivyochanika. Mwanzoni mwa mwaka, anga linapokuwa halina wingu, usiku huweza kuleta jalidi inayounguza machipukizi. Mtoto yule hakuwa ameiona theluji maishani mwake, ila alikuwa na barafu ya nyumbani kwao ya kuilinganisha nayo.

Miaka mingi kabla ya somo hilo, mnamo mwaka 1848, kiongozi wa safari kutoka pwani alikabiliwa na swali kama hilo, naye akajibu kwa njia hiyohiyo. Alikosa neno la theluji, akatumia neno alilokuwa nalo, yaani baridi. Aliyeuliza swali hilo ni Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani ambaye wanafunzi wa Kiswahili humtaja kwa haraka, aghalabu kama kivuli cha mwenzake Ludwig Krapf. Makala haya yanakusudia kumtazama Rebmann mwenyewe, kwa kuyafuata maisha yake tangu kuzaliwa hadi kufa. Tutadai kwamba maisha hayo yanatufunza jambo moja kuhusu kazi yetu: ushahidi wa jicho na ushahidi wa neno huhitajiana, na anayeutegemea mmoja peke yake hupotea njia.

Kuzaliwa na Malezi

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na mji wa Stuttgart, katika ufalme wa Württemberg ambao sasa ni sehemu ya Ujerumani. Watu wa huko walikuwa wakulima, na mizabibu ilikuwa miongoni mwa mazao yao. Jambo moja la malezi hayo litakuwa na uzito mkubwa katika maisha yake ya baadaye: alikulia katika nchi yenye misimu minne, ambamo theluji huanguka kila kipupwe. Aliijua rangi yake inapopigwa na jua, na alijua jinsi inavyong'aa kwa mbali tofauti na mawe au mawingu.

Akiwa kijana aliingia katika chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi, kisha akapelekwa Islington, London, kuendelea na masomo chini ya shirika la Kianglikana la CMS. Shirika hilo ndilo lililomtuma Afrika Mashariki. Aliwasili Mombasa mwezi wa Juni 1846, akiwa na umri wa miaka 26.

Aliyempokea ni Krapf, aliyekuwa amefika miaka miwili kabla yake na tayari alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga katika ardhi ya Mombasa. Wawili hao walihamia Rabai, miongoni mwa Wamijikenda, mnamo Agosti mwaka huohuo. Walihamia hali wote wawili ni wagonjwa wa homa. Hapo Rabai ndipo Rebmann alipoanza kazi mbili alizozifanya hadi mwisho wa maisha yake, yaani kuhubiri na kukusanya maneno.

Safari ya Mwavuli

Wakiwa Rabai, wamisionari hao walisikia habari nyingi za bara kutoka kwa wafanyabiashara wa misafara. Miongoni mwa habari hizo ulikuwako mlima mkubwa katika nchi ya Wachaga. Wakamba, ambao misafara yao ilifika pwani, waliuita kwa jina lenye maana ya mlima wa weupe. Watu wa pwani walisimulia kwamba kileleni kuna fedha na pia kuna pepo wanaoilinda. Kila masimulizi yalikuwa na chembe ya ukweli ndani yake, lakini hapakuwa na njia ya kuitenga chembe hiyo bila kwenda kutazama.

Rebmann alifanya safari yake ya kwanza ya bara mnamo Oktoba 1847, akafika mlima Kasigau katika nchi ya Wataita. Mwishoni mwa Aprili 1848 aliondoka tena, safari hii akielekea Uchagani. Kiongozi wa msafara alikuwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za bara kwa sababu ya biashara. Watu wote walikuwa wachache, hawakuzidi kumi. Wakati huo misafara ilikuwa na desturi ya kusafiri kwa wingi wa watu na bunduki kwa hofu ya kushambuliwa. Rebmann aliingia nyikani bila silaha, na kifaa chake kinachokumbukwa hadi leo ni mwavuli.

Mwavuli huo usichukuliwe kuwa kichekesho tu. Mwezi wa Aprili ndio kilele cha masika, na mtu anayevuka nyika ya Taru kuelekea magharibi hukutana na jua kali mchana na mvua kubwa ghafla. Kwa njia aliyokuwa akiipita, kifaa hicho kilimfaa. Kwa mwisho wa safari hakikumfaa, kwa maana hakikuwa kifaa cha kupandia mlima wa barafu. Rebmann hakuwa na habari kwamba anakwenda kukutana na barafu.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848, milima ya Uchagani ilianza kuonekana. Juu ya mmoja wao Rebmann aliona weupe uliong'aa, akadhani kwanza kuwa ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake weupe ule ni nini. Kiongozi alimjibu kwa neno la Kiswahili, baridi, ambalo Rebmann aliliandika kwa tahajia yake kuwa beredi. Hapo shaka ilimtoka. Alikaa chini akafungua Biblia na kusoma Zaburi ya 111. Alikuwa Mzungu wa kwanza kuacha maandishi ya kuiona theluji ya Kilimanjaro kwa macho yake.

Inafaa tulitazame tukio hilo kwa makini zaidi. Kiongozi alijua kwamba kule juu kuna ubaridi, kwa sababu habari hiyo ilikuwa imeenea miongoni mwa wasafiri, lakini hakuwa na jina la kitu chenyewe. Rebmann alikuwa na jina la kitu katika lugha yake na alikijua kwa macho tangu utotoni, lakini hakutarajia kukikuta karibu na ikweta. Neno la mmoja lilikutana na jicho la mwingine, na maarifa yakapatikana. Yeyote kati yao angekuwa peke yake, huenda habari ile ingebaki masimulizi ya fedha na pepo, au wingu la asubuhi.

Sabaya na Gharama ya Kukosa Vifaa

Katika safari hiyo Rebmann alifika Kilema, kwa Mangi Masaki, akarudi Rabai mwezi wa Juni. Safari ya pili aliifanya kuanzia Novemba 1848, wakati wa vuli, akapita Kilema na kufika Machame kwa Mangi Mamkinga, aliyempokea vyema. Aliporejea pwani mwezi wa Februari 1849 alikuwa amejifunza kwamba wenyeji wa mlima hawakuhitaji kuelezwa na mgeni kuhusu theluji. Walikuwa na jina lao, Kibo. Walijua kwamba kitu kile cheupe hugeuka maji kikiwekwa motoni, na kwamba mito yao hutokana nacho.

Wenyeji hao walikuwa wamelipa gharama kubwa kwa maarifa hayo. Rebmann alisimuliwa kwamba Mangi Rungua, babake Mamkinga, aliwahi kutuma kundi la watu kupanda mlima ili wachunguze kama weupe ule ni fedha. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, aliyerudi hai ni mmoja tu, jina lake Sabaya, naye alirudi mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa na baridi. Watu wale walipanda wakiwa wamevaa mavazi ya mashambani, katika mlima ambao leo mpandaji huambiwa asiukaribie bila viatu vizito, glavu na nguo za tabaka kadhaa. Kwa hiyo katika historia ya theluji ya Afrika Mashariki, jina la Sabaya linastahili kutajwa kabla ya la Rebmann. Rebmann aliiona theluji kwa mbali wala hakuigusa kamwe. Sabaya aliigusa, ikamlemaza.

Safari ya tatu ilianza Aprili 1849, tena katikati ya masika. Rebmann alikuwa na wapagazi wapatao thelathini, na nia yake ilikuwa kuupita mlima na kwenda hadi Unyamwezi. Hakufika. Mamkinga, aliyekuwa mwenyeji mwema katika safari ya pili, sasa alimwomba zawadi hii na ile hadi vitu vyote vya kulipia safari vikaisha. Mvua ziliwanyeshea njiani, homa ikamshika, na mwezi wa Juni msafara ulirudi Rabai ukiwa umechoka na mikono mitupu. Rebmann hakwenda tena Uchagani.

Mabishano ya London

Habari za safari ya kwanza zilichapishwa na CMS mwaka 1849. Mwishoni mwa mwaka huohuo, tarehe 3 Desemba, Krapf naye aliuona Mlima Kenya ukiwa na theluji alipokuwa Ukambani, alikokuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui. Mashahidi sasa walikuwa wawili na milima miwili. Hata hivyo, wataalamu kadhaa wa jiografia huko London hawakukubali.

Mpinzani mkuu alikuwa William Desborough Cooley, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Tungekosea lakini kumdhania kuwa mjinga. Alikuwa amesoma maandishi ya Waarabu na Wareno kwa bidii, na alikuwa amemhoji mjini London Khamis bin Uthman, msafiri wa Kiswahili aliyefika huko. Alijihesabu kuwa mjuzi wa majina ya Kiswahili, na alijenga hoja zake juu ya asili ya maneno. Mnamo mwaka 1852 alichapisha kitabu juu ya bara la Afrika ambamo aliyapinga maelezo ya wamisionari. Kwake yeye theluji ya kudumu katika nchi ya joto kali lilikuwa jambo lisilowezekana, na walioshuku kama yeye walitafuta maelezo mengine ya weupe ule.

Ubishi huo ulidumu zaidi ya miaka kumi. Ulikoma baada ya Karl Klaus von der Decken kwenda mlimani mwaka 1861 pamoja na mwanajiolojia Richard Thornton, kisha mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten. Katika safari hiyo ya pili walipanda hadi mwinuko wa zaidi ya mita 4,000, na theluji ikawaangukia. Baada ya hapo hapakuwa na la kubishaniwa.

Mwanafunzi wa Kiswahili asome kisa hiki kwa unyenyekevu. Cooley alikuwa na maneno bila jicho. Neno baridi lilipomfikia likiwa limeandikwa katika jarida, lilikuwa limetengwa na mlima na mtu aliyelisema, naye akalipima kwa nadharia aliyokuwa nayo mezani. Hatari hiyo haikwisha pamoja na Cooley. Nasi pia, tukiwa maktabani, tunaweza kuhukumu matumizi ya lugha ya watu wa Lamu, Pemba au Bukavu bila kuwahi kuwasikia wakizungumza.

Ramani ya Ziwa Moja

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa na kumtangaza Rebmann mshindi. Haki inatutaka tuendelee, kwa sababu Rebmann naye alikuja kutenda kosa la Cooley.

Tangu miaka ya mwanzo ya 1850 yeye na mmisionari mwenzake Jakob Erhardt walikusanya habari za maziwa ya bara kutoka kwa wafanyabiashara na watumwa waliofika pwani. Mmoja alisema ameona maji makubwa yasiyo na mwisho upande wa kusini, mwingine magharibi, mwingine kaskazini magharibi. Kwa kuwa kila shahidi alizungumzia maji makubwa, wamisionari waliyaunganisha yote kuwa kitu kimoja. Ramani iliyochapishwa mwaka 1856 ilionyesha bahari moja kubwa ya ndani, yenye umbo la konokono asiye na kombe, ikichukua nafasi ya maziwa matatu tunayoyajua leo: Nyasa, Tanganyika na Viktoria.

Mashahidi wao hawakusema uongo. Kila mmoja alieleza ziwa lake. Kosa lilikuwa la waliosikiliza, walioichukua maana pana ya nyanja au ziwa wakaifanya jina la mahali pamoja. Theluji Rebmann alikuwa ameiona, na kwa hiyo neno la kiongozi wake lilipata mahali pa kutua. Maziwa hakuyaona, na maneno ya mashahidi yalielea hadi yakaungana.

Hata hivyo kosa hilo lilizaa matunda. Ramani hiyo iliwashawishi wanajiografia wa London kuwatuma Richard Burton na John Hanning Speke, ambao mwaka 1857 walimtembelea Rebmann kabla ya kuelekea bara. Walifika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, na Speke akaendelea hadi Ziwa Viktoria mwaka huohuo. Tusisahau pia upande wa pili wa matunda hayo. Baada ya wapelelezi walifuata wenye mikataba na bendera, na kabla ya karne kwisha nchi zote zilizokuwa katika ramani ile zilikuwa zimegawanywa kati ya mataifa ya Ulaya. Rebmann hakukusudia hayo, lakini kalamu yake ilikuwa miongoni mwa zilizofungua njia.

Kisuludini: Maneno na Giza

Mwaka 1851 Rebmann alimwoa Emma Tyler, mwanamke Mwingereza, mjini Kairo. Waliishi Kisuludini, karibu na Rabai. Mtoto wao wa kiume alifariki angali mchanga, naye Emma alifariki mwaka 1866. Krapf alikuwa amekwisha kurudi Ulaya kwa sababu ya afya yake, na kwa miaka mingi Rebmann alikuwa karibu mmisionari pekee katika eneo hilo. Waumini walikuwa wachache, na shirika lake lilianza kuitilia shaka kazi yake.

Katika miaka hiyo aliendelea na kamusi. Alikusanya msamiati wa Kiswahili, wa Kirabai na wa Kinyanja. Kamusi ya Kinyanja aliianza mwaka 1853 kwa msaada wa Salimini, mtu aliyechukuliwa utumwani kutoka nchi za Ziwa Nyasa na kuletwa Mombasa. Hebu tulifikirie jambo hilo. Mtu aliyenyang'anywa nchi yake aliketi siku baada ya siku, akiita vitu vya nyumbani kwao kwa majina yao, na mgeni akaandika. Jina la Salimini si mashuhuri, lakini mojawapo ya kamusi za mwanzo za lugha ya Malawi ilitoka kinywani mwake.

Rebmann alikuwa na tabia ya kutochapisha mpaka aridhike, naye hakuwa mwepesi wa kuridhika. Wakati huo macho yake yalikuwa yakififia. Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza katika suala la biashara ya watumwa, alipomtembelea mwaka 1873, alimkuta akiwa karibu kipofu kabisa na bado amezungukwa na maandishi ya kamusi zake. Yule aliyesadikisha theluji kwa kuiona sasa hakuweza kusoma herufi alizoandika mwenyewe.

Mwaka 1875, wakati mji wa watumwa waliokombolewa wa Frere Town ulipokuwa ukianzishwa karibu na Mombasa, Rebmann aliondoka Afrika baada ya miaka 29. Hangeweza kusafiri peke yake. Aliyemshika mkono ni Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa Wakristo wa kwanza wa eneo la Rabai. Kijana huyo wa Kimijikenda alimwongoza mzee yule kipofu hadi Ulaya, kama Bwana Kheri alivyomwongoza kijana yule mwenye mwavuli hadi Uchagani. Rebmann alikwenda kuishi Korntal, karibu na Stuttgart na karibu na Krapf, akaoa tena, na tarehe 4 Oktoba 1876 akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 56.

Maandishi yake hayakupotea yote. Krapf aliihariri kamusi ya Kinyanja ikachapishwa mwaka 1877. Kamusi ya Kiswahili, iliyotokana na kazi waliyoianza wakiwa Rabai, ilitoka mwaka 1882 kwa jina la Krapf, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kamusi ya lugha ya Wamijikenda ilitoka mwaka 1887 ikiwa na majina yao wawili.

Theluji Baada ya Rebmann

Baada ya Rebmann kufa, mlima aliousimulia uligeuka kuwa mahali pa kuendewa kwa makusudi, na vifaa vikabadilika. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 kwa kukata ngazi katika barafu kwa shoka la barafuni, wakisaidiwa na wapagazi na waongozaji wenyeji. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda wakiwa na skii, zile mbao ndefu nyembamba za kutelezea thelujini, wakazitumia kuteremka Kibo. Misimu nayo ilikuja kueleweka. Miezi ya masika na ya vuli, ambayo Rebmann alisafiri ndani yake, ndiyo inayoleta theluji nyingi mlimani na matope mengi njiani. Wapandaji wa leo huchagua Januari na Februari, au Juni hadi Oktoba.

Wakenya nao wameifuata theluji hadi nchi za mbali. Philip Boit, mkimbiaji kutoka Bonde la Ufa, alifanya mazoezi nchini Ufini, kisha akashiriki mbio za skii za kilomita 10 katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi huko Nagano, Japani, mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, wa 92, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimngoja kwenye mstari wa mwisho ili ampongeze. Mwaka 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika skii za kuteremka mlima huko Pyeongchang, Korea Kusini. Rabai imo katika Kaunti ya Kilifi. Mahali ambapo Rebmann alijitahidi kueleza theluji pametoa mwana wa kuiteleza.

Lakini theluji ya Kilimanjaro yenyewe inakwisha. Vipimo vinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwako mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia mwaka 2011, na kupungua kunaendelea. Mteremko ambao wale Wajerumani wawili waliutelezea kwa skii leo ni mchanga na mawe kwa sehemu kubwa. Inawezekana kwamba wajukuu wetu wataisoma habari ya tarehe 11 Mei 1848 kwa shaka ileile ya Cooley, ingawa kwa sababu tofauti: watatazama juu wasione weupe wowote.

Hitimisho

Tumemfuata Rebmann kutoka kijiji cha theluji hadi nchi aliyoambiwa haiwezi kuwa na theluji, na kutoka kwenye kuona hadi kwenye upofu. Hakuwa mtu asiye na dosari. Aliwatazama wenyeji wake kwa jicho la mmisionari wa zama zake, na mara nyingi alizidharau mila zao. Lakini siku moja alimwuliza mtu wa pwani jina la kitu na akaliamini jibu alilopewa, wakati ambapo wenye elimu zaidi yake hawangeliamini.

Kiswahili cha leo kina maneno ya kutosha kwa jambo hilo: theluji iliyotoka Kiarabu, barafu yenye asili ya Kiajemi, jalidi, sakitu, na mvua ya mawe iliyoundwa na Waswahili wenyewe kwa maneno ya kawaida. Kila moja lina mahali pake, na kamusi huyapanga vizuri. Wajibu unaobaki kwa mwanafunzi wa Kiswahili ni kwenda kwa wanaoyatumia kabla wao na vitu wanavyovitaja havijatoweka. Mwanafunzi wa Kipkelion aliyeieleza theluji kama mvua ya mawe isiyopiga alikuwa amefanya kazi ya mwanakamusi bila kujua. Mwalimu wake aliliandika jibu hilo ubaoni, na darasa likaendelea na ufahamu.